Paka mchanga na maumivu ya nyonga: Ni lini upasuaji unafaa?

PAKA wa umri wa mwaka mmoja anapoanza kuchechemea mguu wa nyuma, aghalabu mwenyewe hujipa moyo kwamba ameteguka tu na atapona baada ya siku chache. Siku zinapogeuka kuwa majuma na daktari wa mifugo akasema tatizo liko kwenye nyonga, swali huwa moja: je, mnyama huyo apasuliwe au aachwe?

Uamuzi huo si rahisi. Gharama yake ni kubwa kwa familia nyingi, mgonjwa bado ni mdogo, na wengi huona vigumu kuamini kwamba kiumbe anayekula vizuri na kulala kwa utulivu anaweza kuwa na maumivu makali.

Hata hivyo, umri mdogo wa paka si sababu ya kutosha ya kuahirisha upasuaji, wala si sababu ya kuuharakisha. Mambo yanayofaa kuzingatiwa ni matatu: chanzo cha tatizo, kiwango cha maumivu na uwezo wa wenye paka kumtunza katika majuma yatakayofuata.

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika maradhi ya nyonga, methali zote mbili ni za kweli, lakini kila moja ina ugonjwa wake. Kuzichanganya ndiko humgharimu paka mguu wake na mwenyewe pesa zake.

Nyonga na matatizo yake

Nyonga ni kiungo chenye tufe na kikombe. Kichwa cha mfupa wa paja, ambacho ni cha mviringo, hukaa ndani ya shimo lenye umbo la kikombe kwenye fupanyonga. Nyuso za mifupa hiyo miwili hufunikwa na gegedu laini ili zisisuguane, nazo kano na misuli hushikilia kiungo kisichomoke.

Kwa paka anayekua, kichwa hicho huungana na shingo ya mfupa kupitia tabaka la gegedu ambako mfupa hurefukia. Tabaka hilo ni dhaifu kuliko mfupa wenyewe. Kwa kawaida hugeuka kuwa mfupa kamili paka anapotimiza umri wa miezi saba hadi kumi hivi.

Tatizo la kwanza linalowapata paka wachanga ni la ajali. Paka hugongwa na gari au pikipiki, au huanguka kutoka kwenye roshani na madirisha ya majumba ya ghorofa. Nguvu ya pigo huweza kuchomoa kichwa cha paja kutoka kikombeni, kukivunja kwenye tabaka la ukuaji, au kuvunja fupanyonga lenyewe.

Tatizo la pili huwashangaza wengi kwa sababu hutokea bila ajali yoyote. Kichwa cha mfupa wa paja huteleza polepole kutoka kwenye shingo yake, nayo shingo ikaanza kuliwa hadi ikafanana na kitovu cha tufaha lililotafunwa pande zote.

Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2002 kuhusu paka 26 wenye hali hiyo ulionyesha kwamba wengi wao mno walikuwa madume waliohasiwa, tena wazito kuliko wenzao. Tabaka zao za ukuaji zilikuwa zimechelewa kufunga. Kuhasiwa huchelewesha kufunga huko, nao uzani mkubwa huongeza mzigo kwenye sehemu ambayo bado ni dhaifu.

Hiyo haimaanishi kwamba paka wasihasiwe. Kuhasi huzuia vita vya madume, majeraha na uzazi usiodhibitiwa. Funzo lililopo ni kwamba paka akishahasiwa, mwenyewe anapaswa kuchunga kiasi cha chakula ili asinenepe kupita kiasi.

Tatizo la tatu ni la kurithi. Kikombe cha nyonga huwa kifupi na tufe likawa halikai imara, hivyo gegedu husagika na baridi yabisi huanza mapema. Paka wa aina ya Maine Coon ndio wanaotajwa zaidi. Katika rekodi za shirika la Orthopedic Foundation for Animals la Marekani, zilizochambuliwa na kuchapishwa mwaka 2018, takriban mmoja kati ya wanne wa aina hiyo alikuwa na kasoro hiyo. Paka wa Kiajemi nao huathiriwa.

Isitoshe, si kila paka anayechechemea ana ugonjwa wa nyonga. Jipu linalotokana na kuumwa na paka mwingine, goti lenye kilemba kinachoteleza, au mvunjiko wa mfupa mwingine huweza kuleta dalili zinazofanana na hizo. Kabla ya kuzungumzia upasuaji, ni lazima tatizo lenyewe lijulikane kwa hakika.

Paka hufichua maumivu kwa mwenendo

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Paka ni bingwa wa kuficha maradhi. Porini, mnyama anayeonyesha udhaifu huvutia adui, na silika hiyo haijamtoka paka wa nyumbani. Ni nadra kumsikia akilia kwa sababu ya nyonga.

Badala yake, mwenendo wake hubadilika. Aliyekuwa akiruka moja kwa moja hadi juu ya kabati sasa hupitia kwenye kiti kwanza. Huacha kujilamba sehemu za nyuma, manyoya yakashikana. Hujisaidia nje ya sanduku lake la mchanga kwa kuwa ukingo wake ni mrefu. Anaposhikwa kiunoni, hugeuka kutaka kuuma.

Aidha, misuli ya paja la mguu mgonjwa hupungua. Mwenye paka akipapasa mapaja yote mawili kwa wakati mmoja, huweza kuhisi kwamba moja limekuwa jembamba kuliko jingine. Tofauti hiyo huashiria kwamba mguu haujatumiwa ipasavyo kwa majuma kadhaa.

Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal nchini Kanada walichapisha kipimo cha maumivu kinachosomwa usoni pa paka. Mambo matano huangaliwa: mkao wa masikio, kufumba kwa macho, kukaza kwa pua na mdomo, sharubu na mkao wa kichwa. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 2, na jumla ya alama 4 kati ya 10 au zaidi huashiria kwamba mnyama anahitaji dawa ya maumivu.

Kipimo hicho kilibuniwa kwa maumivu makali ya ghafla. Kwa maumivu ya muda mrefu, rekodi ya mwenendo nyumbani ndiyo yenye thamani zaidi. Video chache za simu zinazomwonyesha paka akitembea, akipanda ngazi na kuruka humsaidia daktari sana, kwa kuwa paka wengi hujikunyata na kukataa kutembea wanapofikishwa kliniki.

Kuthibitisha kwa eksirei

Daktari hupapasa na kukunjua nyonga, kisha huagiza picha za eksirei. Ili picha ziwe sahihi, paka hupewa dawa ya kumtuliza au ya usingizi, kwani mnyama mwenye maumivu hawezi kunyoosha miguu na kutulia.

Nyonga zote mbili zinapaswa kupigwa picha, hata kama mguu mmoja tu ndio unaochechemea. Katika ugonjwa wa kichwa cha paja kuteleza, mguu wa pili pia huweza kuathirika. Fauka ya hayo, kuteleza kudogo huweza kutoonekana kwenye picha ya kawaida ya miguu iliyonyooshwa, ilhali hudhihirika miguu inapokunjwa kwa mkao wa chura.

Mwenye paka ana haki ya kuonyeshwa picha hizo na kuelezwa kinachoonekana. Ana haki pia ya kuzipeleka kwa daktari mwingine kwa maoni ya pili.

Ni lini kusubiri kunafaa

Kwa paka aliyerithi nyonga zisizokaa imara, wembe si hatua ya kwanza. Wengi huishi vizuri kwa miaka mingi wakipunguzwa uzani, wakipewa dawa za maumivu zilizoagizwa na daktari, na nyumba ikipangwa upya ili wasilazimike kuruka juu. Upasuaji huja pale ambapo hatua hizo zimejaribiwa kwa dhati na bado mnyama anaumia.

Hali kadhalika, mivunjiko mingi ya fupanyonga ambayo haijagusa kikombe cha kiungo wala kuziba njia ya haja hupona kwa mapumziko ya ndani kwa majuma manne hadi sita. Hapa haraka haina baraka.

Mambo ni tofauti kabisa nyonga ikiwa imechomoka. Kichwa cha paja huweza kurudishwa kikombeni bila kupasua, paka akiwa amelala kwa nusukaputi, lakini nafasi hiyo ni ya siku chache za mwanzo. Baadaye misuli hukaza na shimo hujaa tishu. Hata kinaporudishwa mapema, mara nyingi hutoka tena, na hapo upasuaji huhitajika.

Vivyo hivyo, kichwa cha paja kilichovunjika au kuteleza hakijiungi chenyewe kwa kuachwa. Kikigunduliwa mapema, shingo ya mfupa ikiwa bado nzima, huweza kushikizwa kwa pini nyembamba za chuma na kiungo cha asili kikaokolewa. Majuma yakipita na shingo ikaliwa, nafasi hiyo hupotea. Huko ndiko kungoja kunakoumiza matumbo.

Aina za upasuaji

Upasuaji unaofanywa zaidi ni wa kukata na kuondoa kichwa na shingo ya mfupa wa paja. Mtu anayeusikia kwa mara ya kwanza hushtuka: mnyama atatembeaje bila kiungo?

Jibu ni kwamba maumivu hutokana na mfupa kusugua mfupa. Kichwa kikiondolewa, msuguano huo huisha. Mwili hujaza pengo kwa tishu ngumu za kovu zinazofanya kazi ya kiungo, huku misuli ya paja na makalio ikishikilia mguu mahali pake.

Mbinu hiyo ilianza kwa binadamu. Gathorne Robert Girdlestone, daktari wa mifupa wa Oxford, Uingereza, aliitumia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kwa wagonjwa ambao nyonga zao ziliharibiwa na maambukizi. Baadaye madaktari wa mifugo waliitwaa kwa mbwa na paka. Paka hufaidika zaidi kwa kuwa ni mwepesi: kiungo cha kovu kisichoweza kumbeba mbwa wa kilo 40 humudu paka wa kilo nne bila tabu kubwa.

Matokeo si mguu mpya kamili. Mguu huwa mfupi kidogo, misuli huweza kubaki pungufu na nyonga haikunjuki kama zamani. Watafiti wa Ujerumani waliowafuatilia mbwa na paka waliofanyiwa upasuaji huo waligundua kwamba wenye wanyama hao waliridhika kwa wingi, ilhali uchunguzi wa kina wa mwendo ulionyesha kasoro kwa wengi wao. Anayeamua anapaswa kutarajia paka asiye na maumivu, anayekimbia na kuruka, wala si paka ambaye hakuwahi kuumia.

Chaguo la pili ni kuweka nyonga bandia. Vipo viungo vidogo vilivyotengenezwa kwa ajili ya mbwa wadogo na paka, navyo hurejesha mwendo ulio karibu na wa asili. Lakini huhitaji vifaa maalumu na daktari aliyebobea katika kazi hiyo, na gharama yake huzidi kwa mbali ile ya kuondoa kichwa cha paja. Kiungo bandia pia huweza kuchomoka au kuambukizwa.

Kukata mguu mzima au kumuua mnyama kwa dawa hakupaswi kuwa pendekezo la kwanza kwa nyonga iliyoharibika, iwapo sehemu nyingine za mguu na mishipa yake ya fahamu ni nzima. Mwenye paka akielezwa kwamba hizo ndizo njia pekee, aulize kwa nini kuondoa kichwa cha paja hakufai.

Hatari ya nusukaputi

Wengi huogopa kwamba paka hataamka. Hofu hiyo ina msingi, ila inafaa kupimwa kwa takwimu. Utafiti mkubwa uliofanywa katika kliniki za Uingereza na kuchapishwa mwaka 2008 ulibaini kwamba paka wapatao 0.24 kati ya kila 100 waliopewa nusukaputi au dawa ya kutuliza walifariki kutokana nayo. Kwa wenye afya njema, kiwango kilikuwa 0.11, yaani takriban mmoja kati ya 900. Kwa waliokuwa wagonjwa, kilikuwa 1.40.

Utafiti huo ulionyesha pia kwamba zaidi ya nusu ya vifo vya paka vilitokea baada ya upasuaji, hasa katika saa tatu za kwanza. Kwa hivyo, swali muhimu si tu nani atashika kisu, bali nani atamkalia paka akiamka, kumpasha joto na kuhesabu mapigo ya moyo wake.

Paka aliyegongwa na gari hapaswi kukimbizwa kwenye chumba cha upasuaji wa nyonga siku hiyo hiyo. Mapafu, kibofu na hali ya damu hushughulikiwa kwanza. Siku moja au mbili za kumtuliza na kumwondolea maumivu huweza kuokoa uhai wake.

Onyo kuhusu tembe za nyumbani

Wakati familia inapotafakari au kutafuta pesa, kishawishi cha kumpa paka tembe ya binadamu huwa kikubwa. Hilo ni kosa linaloua. Ini la paka haliwezi kuvunja parasetamoli ipasavyo, na sumu yake huharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni. Tembe moja ya miligramu 500 huweza kumuua paka mzima. Ibuprofeni nayo ni sumu kwa tumbo na figo zake.

Zipo dawa salama kwa paka, mathalani meloksikamu kwa kipimo anachoweka daktari. Paka asiyeweza kupasuliwa leo bado anaweza kuondolewa maumivu leo.

Majuma baada ya upasuaji

Hapa ndipo matokeo huamuliwa, na hapa ndipo upasuaji wa aina mbalimbali hutofautiana.

Paka aliyewekewa pini anapaswa kufungiwa kwenye chumba kidogo au kizimba kwa takriban majuma sita, bila kuruka, hadi eksirei ithibitishe kwamba mfupa umeunga. Familia isiyoweza kutekeleza hilo inapaswa kumwambia daktari mapema, kwani pini hupinda na kazi yote ikaenda bure.

Aliyeondolewa kichwa cha paja huhitaji kinyume chake: kutumia mguu mapema. Baada ya siku chache, akiwa chini ya dawa ya maumivu, mguu hukunjwa na kunyooshwa taratibu mara kadhaa kwa siku, jinsi daktari atakavyoelekeza. Huhimizwa kutembea sakafuni kwa kufuata chakula au mchezo, ingawa kuruka kutoka juu huzuiwa. Mguu usipotumiwa, kovu hukaza na nyonga ikakakamaa.

Kwa kawaida nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Wengi huanza kugusa sakafu kwa mguu huo ndani ya majuma mawili ya kwanza, na huendelea kuimarika kwa miezi miwili au mitatu. Sanduku la mchanga liwe la ukingo mfupi, bakuli ziwekwe chini, na uzani uchungwe.

Maswali ya kuuliza

Nchini Kenya, daktari wa mifugo anayetibu wanyama anapaswa kuwa amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2011. Si utovu wa adabu kumuuliza daktari kuhusu usajili wake, wala kutaka kujua ni paka wangapi amewafanyia upasuaji wa aina hiyo.

Makadirio ya gharama yatolewe kwa maandishi, yakionyesha kama yanajumuisha eksirei, vipimo vya damu, nusukaputi, kulazwa, dawa za kutumia nyumbani na ziara za baadaye. Mara nyingi bei ya kwanza inayotajwa huwa ya upasuaji pekee, na mengine hujitokeza mnyama akiwa tayari amepasuliwa.

Maswali mengine ni haya: nini kitatokea paka asipopasuliwa mwezi huu? Je, nyonga ya pili ni nzima? Upasuaji ukishindwa, hatua itakayofuata ni ipi? Jibu la swali la kwanza ndilo linalobainisha kama kuna muda wa kuchanga pesa au la.

Iwapo gharama haifikiki, ni afadhali kulisema mapema. Daktari huweza kupendekeza njia nafuu zaidi inayokomesha maumivu, malipo ya awamu, au kumwelekeza mwenye paka kwenye kliniki ya mafunzo au shirika la kutunza wanyama.

Jambo lisilokubalika ni kukaa kimya huku mnyama akiumia bila dawa. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, huhesabu kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima kuwa kosa.

Paka mchanga huenda akawa na miaka 15 mbele yake. Kwa aliyerithi nyonga dhaifu, miaka hiyo hulindwa kwa chakula cha kipimo na subira. Kwa aliyevunjika au ambaye kichwa cha paja kimeteleza, hulindwa kwa eksirei ya mapema na upasuaji usiocheleweshwa. Kujua tofauti ya wawili hao ni nusu ya tiba.